"Hatukatai mtoto, mama, ila hatuna mwalimu wake"



Kila Januari, wakati wa kuandikisha watoto, kuna sentensi moja inazunguka kwenye ofisi za walimu wakuu hapa katikati ya jiji, kuanzia Gerezani na Kariakoo mpaka Ilala na Mchikichini. Haimo kwenye waraka wowote wa wizara. Huwezi kuikuta imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Inasemwa kwa upole kabisa, tena mara nyingi mzazi ameshapewa kiti akae: "Hatukatai mtoto, mama, ila hatuna mwalimu wake."

Mzazi mwenye mtoto asiyeona, kiziwi, mwenye usonji, mtindio wa ubongo au ulemavu wa akili anaijua sentensi hiyo. Wapo walioisikia shule tatu ndani ya wiki moja. Wapo walioisikia mara moja tu ikawatosha, wakamshika mtoto mkono wakarudi nyumbani, na mtoto yupo nyumbani mpaka leo.

Mimi nasema hivi: hiyo sentensi ndiyo sera yetu halisi ya elimu maalum, kuliko vitabu vyote vya sera vilivyozinduliwa kwa mbwembwe Dodoma. Na nasema pia kwamba ni sentensi inayojizaa yenyewe. Mtoto haandikishwi kwa sababu mwalimu hayupo, na mwalimu haletwi kwa sababu mtoto hajaandikishwa. Huu mduara nani ataukata? Jibu langu ni mzazi, na panga lake ni karatasi. Twende taratibu.

SHERIA INASEMAJE?

Tuanze na yale yasiyo na ubishi. Katiba yetu, ibara ya 11, inazungumzia haki ya kila mtu kujielimisha. Sheria ya Elimu ya 1978 iliweka elimu ya msingi kuwa ya lazima. Mwaka 2007 Tanzania ilitia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Novemba 2009 tukauridhia. Mwaka huohuo 2009 ikapita Sheria ya Mtoto. Mwaka uliofuata, 2010, Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9.

Hiyo Namba 9 ndiyo ya kuishika. Kifungu cha 27, kwa maneno ya mtaani, kinasema mambo matatu. Kwanza, kila mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa na wengine ya kupokelewa katika shule ya serikali au ya binafsi. Pili, atasoma shule ya kawaida, isipokuwa pale ambapo mahitaji yake ya mawasiliano yanadai utaratibu wa pekee (hapo fikiria mtoto kiziwi anayehitaji lugha ya alama). Tatu, akishakuwa shuleni, atapatiwa huduma saidizi anazozihitaji kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo.

Sasa soma tena mpangilio wake. Sheria haisemi "mtoto atapokelewa iwapo mwalimu yupo". Inasema mtoto apokelewe, halafu apatiwe mwalimu. Mtoto kwanza, mwalimu anafuata. Ofisini kwa mwalimu mkuu mambo yamegeuzwa kichwa chini miguu juu: mwalimu kwanza, mtoto baadaye. Na kwa kuwa mwalimu haji, hiyo "baadaye" haifiki.

Kwa nini wazazi hawaijui hii? Sababu moja ni kwamba sheria ilipopitishwa mwaka 2010 iliandikwa Kiingereza, kama sheria zetu nyingi za wakati ule. Ilikuja kubadilishwa mwaka 2021 ndipo Kiswahili kikawa lugha rasmi ya sheria na mahakama zetu. Miaka yote hiyo mama anayeuza mchicha Kisutu, au baba anayefanya vibarua bandarini, angeijuaje? Haki yake ilifungwa kwenye lugha ya watu wengine.

Sababu ya pili ni ngumu zaidi kuisema. Sisi wenyewe tumezoea kwenda shuleni kwa mwendo wa kuomba. Tunaingia na "samahani mwalimu", tunatoka na "asante mwalimu", hata pale tuliponyimwa. Adabu ni kitu kizuri, tusiiache. Lakini adabu ni namna ya kudai. Haina maana ya kuacha kudai.

MTOTO AMBAYE HAYUPO KWENYE DAFTARI

Hapa ndipo naomba tutulie kidogo, maana ndo kiini cha yote.

Takwimu za elimu nchini huanzia shuleni. Mwalimu mkuu anajaza fomu: wanafunzi wangapi, wavulana wangapi, wasichana wangapi, wenye ulemavu wangapi na wa aina gani. Fomu zinapanda kwa afisa elimu kata, zinafika halmashauri, zinaishia wizarani. Huko juu ndiko wanakopanga nani apelekwe wapi, vifaa viende wapi, fedha zigawanywe vipi.

Yule mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa upole yuko wapi kwenye fomu hiyo? Hayupo. Hakuandikishwa, hivyo hahesabiwi. Na kwa kuwa alikataliwa kwa mdomo, hakuna hata barua inayoonyesha kwamba alifika pale mlangoni. Afisa mwenye dhamana ya elimu maalum anafungua karatasi ya kata yako anakuta sifuri. Utamlaumu kwa kutoleta mwalimu? Aletwe afundishe sifuri?

Sasa linganisha na sensa. Sensa ya 2022 ilikuta kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, 11 na ushee wana ulemavu wa aina fulani. Najua, hesabu hiyo ina wazee wengi ambao macho na miguu imechoka. Haya, tukate. Tuseme kwa watoto ni robo tu ya hapo. Bado darasa la watoto 100 lingetakiwa kuwa na karibu watatu. Nenda kachungulie shule ya mtaani kwako. Madarasa ya watoto 100 na zaidi yapo, hiyo si siri. Hao watatu wako wapi?

Baadhi wamo darasani lakini hakuna anayejua. Yupo asiyeona ubao vizuri, anaitwa mvivu. Yupo asiyesikia vizuri, anaitwa mkaidi, na viboko anavila. Wengine hawamo kabisa.

Ndiyo maana nikisikia kiongozi anasema "idadi ya watoto wenye mahitaji maalum shuleni imeongezeka" huwa najiuliza: imeongezeka kutoka kwenye hesabu ipi? Ya walioko, au ya waliorudishwa? Hii ya pili hakuna anayeiweka.

"MPELEKE UHURU MCHANGANYIKO"

Jibu la pili ambalo wazazi hupewa, likiongozana na lile la kwanza, ni la kuelekezwa. "Mama, kuna shule yao. Mpeleke Uhuru Mchanganyiko." Au Buguruni Viziwi. Au Sinza Maalum.

Nieleweke vizuri. Hizo shule ni hazina ya jiji hili. Uhuru Mchanganyiko, hapahapa Ilala, imesomesha wasioona, viziwi wasioona na wenye ulemavu wa akili sambamba na watoto wengine, kabla maneno "elimu jumuishi" hayajawa wimbo wa warsha. Shule ya Viziwi Buguruni ipo tangu 1974. Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Kuna Mtoni Maalum ya KKKT, na kuna Matumaini ya Jeshi la Wokovu kule upande wa Kurasini, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Walimu wa shule hizi wengine wanafanya kazi ambayo mshahara wake hauwezi kuilipa.

Lakini fanya hesabu. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu zaidi ya milioni 5.3. Shule zenye vitengo vya kueleweka zinahesabika. Kumwambia kila mzazi wa jiji lote "mpeleke Uhuru" ni sawa na kumwambia kila mwenye kiu Dar aende akachote kisima kimoja, halafu useme maji yapo.

Na hesabu nyingine ni ya nauli, ambayo wapangaji wetu huisahau. Mtoto wa darasa la kwanza asiyeweza kusafiri peke yake anahitaji mtu. Mama anampeleka asubuhi, anarudi kwenye biashara. Mchana anakwenda kumchukua, anarudi naye. Hizo ni safari nne za mama na mbili za mtoto. Nauli sita kwa siku, thelathini kwa wiki. Tena hapo tumeomba Mungu daladala moja itoshe, na konda awe na roho nzuri ya kumpokea mtoto mwenye kiti mwendo saa kumi na mbili asubuhi. (Mwendokasi kidogo wana afadhali, vituo vina mteremko wa kupandishia kiti. Lakini mwendokasi hauendi kila mahali, na ule msongamano wa asubuhi mnaujua.)

Elimu bila malipo ilianza Januari 2016. Ada ikafutwa, na tunashukuru. Nauli thelathini kwa wiki hazikufutwa.

Namfahamu dada mmoja anayeuza khanga mtaa wa Kongo, mwanawe ana mtindio wa ubongo. Akili ya mtoto ni nzima, anajibu maswali ya hesabu kwa mdomo kabla hujamaliza kuuliza, ila mkono haushiki kalamu na miguu haimtii. Shule iko hatua mia mbili kutoka chumba wanachopanga. Kengele ikigongwa wanaisikia wakiwa kitandani. Akaambiwa amtafutie "shule yao" upande wa pili wa jiji. Aliniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: "Kaka, hii ya hapa ni shule ya nani?"

MWALIMU MKUU NAYE ANA YAKE

Sasa tusimgeuze mwalimu mkuu kuwa shetani wa hadithi hii. Nimekaa na walimu, baadhi ni marafiki zangu, na wana hoja.

Mwalimu mmoja mbele ya watoto 100. Dakika 40 za kipindi. Hata ukitaka kumsogelea kila mtoto, kila mmoja anapata sekunde 24. Umwongezee mtoto anayehitaji kushikwa mkono kuandika, au anayepiga kelele na kukimbia nje kila kengele ikilia? Na ruzuku ya uendeshaji, inayohesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka tangu enzi za MMEM, itanunua nini kwa mtoto anayehitaji mashine ya nukta nundu?

Halafu kuna mitihani. Kwa miaka mingi shule zetu zimepangwa kama timu za ligi. Kweli, tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Lakini mazoea yana kichwa kigumu. Mwalimu mkuu bado anaulizwa wastani wa shule yake vikaoni, na mtoto ambaye anadhani "atashusha wastani" hamtaki hata kabla hajamjua.

Kuna jambo jingine la kweli ambalo watetezi wengi hawapendi kulisema. Kuandikishwa si kufundishwa. Wapo watoto walioandikishwa kwa jina la elimu jumuishi, wakawekwa dawati la nyuma, wakakaa pale miaka saba wakichora duara kwenye daftari. Kwenye fomu wamo, tena wanapendezesha takwimu. Kichwani hakuna kilichoingia. Mzazi anayesema "bora shule maalum kuliko huko" ana sababu zake. Na wazazi wengi wa watoto viziwi watakuambia wazi kwamba mtoto wao peke yake kati ya wanaosikia 99 ni mfungwa, anahitaji wenzake wanaoongea kwa mikono. Sheria yenyewe imeacha mlango huo.

Kwa hiyo sisemi kila mtoto asome kila shule. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo ufanywe kwa kumpima mtoto na kuzungumza na mzazi. Usifanywe na mtu mmoja kwa kumwangalia mtoto dakika mbili akiwa amesimama mlangoni.

Mwalimu mkuu akisema "sina uwezo", hoja yake ni ya kweli. Ila hoja hiyo aipeleke kwa mwajiri wake, kwa maandishi: nimepokea mtoto huyu, ana hitaji hili, nileteeni mtu. Kwa sasa hoja yake anaimalizia kwa mama, na mama hana wa kumpelekea.

WENZETU WALIANZIA WAPI?

Watu wakisikia elimu maalum ya Marekani wanadhani ilishuka na utajiri wao. Si kweli. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 sheria za jimbo la Pennsylvania ziliruhusu shule kumkataa mtoto ambaye wataalamu wamesema akili yake haijafikia ya mtoto wa miaka mitano. Mwaka 1971 chama cha wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili kiliishtaki serikali ya jimbo. Wazazi, si maprofesa. Serikali ikakubali yaishe mbele ya mahakama, na watoto wakaanza kupokelewa. Mwaka 1975 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya nchi nzima, na ndani yake likaandika kwamba watoto milioni moja wenye ulemavu walikuwa wamefungiwa nje kabisa ya shule za umma. Nchi tajiri kuliko zote, watoto milioni moja nje!

Lakini angalia kitu kimoja kidogo ndani ya sheria ile, maana ndicho ninachokitaka. Shule ikitaka kumkatalia mzazi huduma, au kumhamisha mtoto, lazima imwandikie mzazi, imweleze sababu. Yaani neno "hatuna mwalimu" likaacha kuwa maongezi, likawa waraka wenye sahihi. Mtu akijua anachosema kitabaki na jina lake, husema kwa uangalifu.

Karibu na nyumbani: Afrika Kusini, jukwaa la kutetea watu wenye ulemavu wa akili la Rasi ya Magharibi liliipeleka serikali mahakamani kwa ajili ya watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili, ambao hawakuwa na shule yoyote ya serikali ya kuwapokea. Serikali ikajitetea: fedha hazitoshi. Novemba 2010 mahakama ikasema, kwa kifupi, kwamba kama fedha hazitoshi, haiwezekani upungufu wote ubebwe na watoto hawa tu. Mwaka uleule ambao sisi tulipitisha Sheria Namba 9.

Na jirani zetu Kenya walianza vituo vya kupima watoto na kuwaelekeza shule tangu 1984. Sisi tumechelewa kwenye hilo, ingawa sasa tuna Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 na upimaji umeanza kupewa uzito. Walimu nao tunao wanaosomea, chuo cha Patandi kule Arusha kimekuwa kikiwatoa miaka mingi. Wanaishia wapi wakimaliza? Shikilia hapo.

KARATASI INAVYOFANYA KAZI

Yule dada wa khanga alirudi kwenye ileile shule aliyokataliwa. Safari hii alikwenda na vitu vitatu: mama wenzake wawili wenye watoto kama wake, cheti cha hospitali, na barua ya ukurasa mmoja yenye nakala. Barua haikuwa na matusi. Ilisema: naomba mwanangu aandikishwe darasa la kwanza kwa mujibu wa kifungu cha 27 cha Sheria Namba 9 ya 2010, kama haiwezekani, naomba nijibiwe kwa maandishi ili niiwasilishe halmashauri. Akaomba nakala yake igongwe muhuri wa "imepokelewa".

Anasema mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akamwambia, "Mama, mbona tumefika huku?" Naye akajibu, "Hatujafika mbali, mwalimu. Naomba jibu tu."

Jibu la maandishi halikuja. Kilichokuja ni simu baada ya siku nne: amlete mtoto. Halafu ikagundulika kwamba palepale shuleni kulikuwa na mwalimu aliyesomea elimu maalum, anafundisha Hisabati darasa la sita kwa sababu ndiko alikopangiwa alipofika, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Hakuna aliyesema uongo, wadau. Shule haikujua ilichonacho kwa sababu haikuwahi kulazimika kukitafuta.

Sitaki kuwapamba. Mtoto yuko darasa la pili sasa, anafanya mitihani kwa kusema mwalimu akiandika, lakini vyoo vina ngazi tatu na mama anaitwa kutoka Kongo kila siku saa nne kuja kumpeleka. Anaacha khanga kwa jirani. Barua ya pili, ya choo, iko kwa kamati ya shule. Vita vya namna hii haviishi kwa risasi moja.

Kutokana na niliyoyaona kwao na kwa wengine, haya ndiyo nashauri:

1. Usikubali jibu la mdomo. Andika barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikataa kuipokea, ipeleke kwa afisa elimu kata na uandike tarehe uliyokwenda shuleni.

2. Usiende peke yako. Mama mmoja ni msumbufu, mama watano ni ujumbe. Vyama vipo: vya wazazi wa watoto wenye usonji, wa watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi, na SHIVYAWATA kama shirikisho la vyama vyote.

3. Panda ngazi kwa mpangilio: mwalimu mkuu, afisa elimu kata, afisa wa elimu maalum halmashauri, mkurugenzi. Diwani pembeni apate nakala. Sheria Namba 9 imeweka pia kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa. Muulize mwenyekiti wako wa mtaa kamati yenu ina nani. Kama haipo, hiyo nayo ni barua.

4. Ingia kwenye kamati ya shule. Pale ndipo linapoamuliwa kama fedha za ukarabati zinakwenda kwenye geti au kwenye choo kisicho na ngazi.

5. Ukishapata nafasi, fuatilia darasani. Daftari la mtoto ndiyo ripoti yako. Kama kila ukurasa ni duara, rudi kwa mwalimu, mpange kwa pamoja mtoto ajue nini ifikapo Juni.

6. Usisubiri darasa la saba kuulizia mitihani. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, nukta nundu kwa wasioona, na muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Hakikisha shule imemsajili mwanao akiwa na mahitaji yake. Dakika hizo ni zake.

Najua atakayesema: "Wewe unawafundisha watu ukorofi." Hapana. Ukorofi ni kumfokea mwalimu mbele ya wanafunzi. Barua ni ustaarabu. Tena inamsaidia mwalimu mkuu mwenyewe, maana siku akiulizwa kwa nini anaomba mwalimu wa elimu maalum, ana faili la kuonyesha. Sifuri kwenye fomu inaanza kuwa moja, halafu tatu, halafu saba. Saba ni kitengo.

SWALI LA MWISHO

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inasema elimu ya lazima itakuwa ya miaka 10. Nimelipenda hilo neno, lazima. Mzazi anayemficha mtoto asiende shule anaweza kufikishwa mbele ya sheria, na watendaji wa kata tumewaona wakipita nyumba kwa nyumba. Sawa kabisa.

Je, shule inayomrudisha mtoto aliyeletwa na mzazi wake kwa miguu yake, inafikishwa wapi? Kama lazima ni ya mzazi peke yake, basi hiyo ni amri kwa mnyonge na hiari kwa ofisi.

Wazazi mliowahi kuambiwa hiyo sentensi, na walimu mliowahi kulazimika kuisema, njooni tujadili. Walimu hasa, maana ninyi mnajua ni nini kinakosekana kwenye hilo darasa la watoto 100. Msitaje jina la shule wala la mtoto, lisemeni tu jambo lenyewe. Na kama unayo barua iliyofanya kazi, tuwekee maneno yake wengine wayanakili. Januari haiko mbali.

Nawasilisha.